Mguu Mmoja Ukivimba, Usiuchue

Katika nyumba nyingi za Kibosho, Uru na Marangu, huku Kilimanjaro, mama aliyejifungua bado anakaa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe, hashiki jembe. Asubuhi analetewa mtori, mlaso wa damu na maziwa ukipatikana anapewa, jioni anakandwa tumbo kwa maji ya moto. Siku anayotoka kwenda sokoni amenawiri, na kila anayekutana naye njiani anajua kwamba ukweni wamemtunza. Nimekulia ndani ya desturi hiyo na ninaipenda. Ila kwa kazi yangu ya udaktari kuna jambo moja la miezi hiyo mitatu linaloninyima usingizi, nalo ni siku mama huyo anapoanza kulalamikia mguu mmoja.

"Unauma wapi, mwanangu?" mama mkwe anauliza.

"Hapa nyuma, mama, kwenye shavu la mguu. Kama umekaza."

"Ni baridi hiyo imekuingia. Leo nitaukanda, kesho tutauchua na mafuta."

Ni upendo mtupu unaosema hapo. Lakini kama ndani ya mshipa wa mguu ule damu imeganda, mikono ile yenye upendo inaweza kulimega bonge na kulipeleka kwenye mapafu.

Nieleze hili kwa mfongo, ule mfereji wa maji ya shambani, maana kila aliyezaliwa mlimani anaujua. Maji ya mfongo yanashuka yenyewe kwa mteremko. Damu inayokwenda mguuni nayo inasukumwa na moyo, lakini ile inayorudi inapanda mlima. Kinachoipandisha ni misuli ya shavu la mguu: kila unapopiga hatua misuli inabana mishipa, damu inasukumwa juu, na vilango vidogo ndani ya mshipa vinafunga isirudi chini. Ukilala kitandani au ukikaa kitini kutwa, pampu hiyo imesimama. Mwaka 1856 daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow alikuwa anachunguza mabonge ya damu yanayosafiri hadi mapafuni, na hadi leo madaktari wanatumia jina lake kwa mambo matatu yanayoigandisha damu mshipani: mwendo wa damu kupungua, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mzee anayesafisha mfongo angekuambia hivyo hivyo. Tope hutuama pale maji yanapotembea polepole, pale ukingo ulipobomoka, na siku maji yanapokuja mazito.

Mama mzazi anayo yote matatu. Kuelekea kujifungua mwili unaitayarisha damu igande haraka, asije akapoteza damu hadi kufa, na utayari huo hauishi siku mtoto anapolia. Uchungu na kujifungua, na zaidi upasuaji, huumiza mishipa ya nyonga. Kisha analala. Hatari ni kubwa zaidi katika wiki 6 za kwanza, halafu inashuka taratibu, na tafiti zimeiona ikiendelea kwa kiasi kidogo hadi karibu wiki 12. Wiki 12 ndiyo ile miezi mitatu yetu ya ndani. Sisemi mama arudishwe shambani. Nasema atembee: azunguke nyumba, aende mpaka mgombani na kurudi mara kadhaa kwa siku, anywe maji mbali na ule mtori. Aliyepasuliwa aanze kusimama na kutembea mapema kadiri wauguzi wanavyomruhusu. Mtu anaweza kutunzwa kama malkia na bado akatembea.

Kwa mjamzito na mzazi bonge hupenda mguu wa kushoto. Sababu ni ya ujenzi wa mwili: ndani ya nyonga, mshipa unaorudisha damu ya mguu wa kushoto unapita chini ya mshipa mkubwa wa ateri, na tumbo likikua unabanwa zaidi. Bonge la juu namna hiyo wakati mwingine halianzi na maumivu ya shavu kabisa. Mama anaumwa kinena, au tako, au mgongo chini, kisha paja zima linajaa.

Wazazi hawako peke yao. Nenda wodi ya mifupa yoyote hapa Moshi uhesabu vijana wa bodaboda waliovunjika paja, wamefungwa bandeji ngumu au wamening'inizwa mguu kwa uzito, wengine kwa wiki nyingi. Wapo pia wagonjwa wa saratani, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye kifua kikuu kikali. Yapo magonjwa yanayoifanya damu igande upesi hata mtu akitembea kila siku. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vinaongeza hatari kidogo, hasa kwa mama aliyewahi kuganda damu au ambaye familia yake ina historia hiyo. Usivitupe kwa kusoma makala hii. Mimba yenyewe ina hatari kubwa kuliko vidonge. Mwambie mhudumu wa uzazi wa mpango historia yako, akuchagulie njia nyingine.

Halafu kuna Desemba. Wachagga tunarudi nyumbani, mabasi yanajaa tangu stendi ya Magufuli pale Mbezi, na mtu anakaa magoti yamegusa kiti cha mbele kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi. Wengi hawanywi hata tone la maji kwa kuogopa kumwomba dereva asimame wakachimbe dawa. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa kitini saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, gari au treni, inaongeza hatari ya kuganda damu takribani mara mbili. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000. Lakini mzazi wa mwezi mmoja anayeletwa nyumbani kuonyesha mtoto si mtu wa kawaida kwa hesabu hiyo, wala aliyetoka kupasuliwa goti. Basi likisimama Korogwe au Mombo, shuka hata kama huna njaa. Ukiwa kitini, inua visigino na vidole kwa zamu kama anayekanyaga cherehani. Na ukivimba mguu mmoja siku chache baada ya sikukuu, kumbuka lile basi na ulitaje kwa daktari.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu wapanda mlima. Juu ya mita 4,000 mwili unapoteza maji, damu inakuwa nzito, na madaktari wameripoti wapandaji walioganda damu, hasa waliokwama hemani siku kadhaa kwa hali ya hewa. Si jambo la kila siku. Ninalowaomba waongoza watalii na wapagazi ni hili: mtu akiishiwa pumzi Kibo, mara nyingi ni mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kumshusha. Akishafika chini pumzi isirudi, au shavu la mguu mmoja likawa limejaa, asiambiwe ni uchovu wa mlima.

Sasa namna ya kutambua. Vitabu tulivyosomea vinasema mguu unakuwa mwekundu. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha, hivyo tumia mkono. Geuza kiganja, gusa shavu la mguu kwa nyuma ya vidole, kisha gusa la pili. Mguu wenye bonge mara nyingi una joto zaidi. Ngozi imevutika, inang'aa, pengine imeingia weusi wa zambarau kuliko mwenzake, na mishipa midogo ya juu imejitokeza upande huo tu. Ukibonyeza katikati ya shavu, mgonjwa anashtuka. Maumivu yenyewe watu wanayaeleza kama mkazo wa msuli usioachia, au uzito, na yanazidi akisimama au akitembea.

Kisha chukua ile futi ya kitambaa ambayo fundi cherehani huivaa shingoni. Mgonjwa akae, miguu ilegee. Chini ya goti, mbele, kuna kinundu cha mfupa. Kutoka hapo shuka sentimita 10, weka alama kwa kalamu, zungusha futi bila kukaza, soma. Fanya vile vile mguu wa pili. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ni moja ya alama ambazo madaktari duniani kote wanazihesabu wanaposhuku bonge. Bonyeza pia ugoko kwa kidole gumba. Shimo likibaki mguu mmoja tu, hiyo nayo inahesabiwa. Kipimo hiki hakikupi jibu, na tofauti ndogo haikupi ruhusa ya kukaa nyumbani kama dalili nyingine zipo. Kazi yake ni kukutoa nyumbani mapema.

Kuna njia moja ya zamani niiondoe: kukunja unyayo kuelekea juu na kuuliza kama shavu linauma. Inadanganya pande zote mbili. Iache.

Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, hasa jioni, kwa mama anayesimama kutwa na ndizi zake kwenye soko la Kiboriloni au Mbuyuni, mara nyingi bonge si la kufikiriwa kwanza. Hapo tunatazama kusimama sana, moyo, figo, ini. Mjamzito akivimba miguu yote na kuumwa kichwa au kuona nyota, aende siku hiyo hiyo, huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba. Jipu na maambukizi ya ngozi huvimbisha mguu mmoja, ila mara nyingi utaona kidonda na homa kali. Matende, yanayojulikana zaidi Pwani na Tanga, hukua kwa miezi na miaka. Bonge huja kwa saa na siku.

Na kuna lile la kukanyaga vitu vya watu. Mguu mmoja uliovimba ghafla bila jeraha unaonekana kweli kama umetegwa, na nawaelewa wanaokimbilia huko. Nimeshawakuta wagonjwa wamechanjwa chale kuzunguka shavu lote. Siombi mtu aache imani yake leo. Naomba afike hospitali kwanza, na wembe usiguse mguu ule, kwa sababu dawa tutakayompa inafanya damu isigande, na chale itatoka damu isiyokatika.

Pumzi ikibana ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu, moyo ukienda mbio au ukizimia, hapo hakuna tena kupima kwa futi. Bonge huenda limefika mapafuni. Tafuta gari papo hapo, hata kama ni usiku. Usimpakize bodaboda mtu anayezimia.

Zahanati ya kijiji mara nyingi haina mashine ya ultrasaundi. Kazi yake ni kushuku bonge na kukuandikia rufaa. Na mashine ikipatikana, kipimo chenyewe ni rahisi ajabu. Daktari anaweka kifaa kwenye kinena na nyuma ya goti, anaminya kidogo. Mshipa wenye damu inayotembea unalala kama mpira wa maji uliokanyagwa. Wenye bonge unabaki mviringo. Hata mgonjwa mwenyewe akitazama kioo anaona. Kipo pia kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya bonge, ila kwa mama aliyejifungua juzi hupanda hata bila bonge, kwa hiyo hakimsaidii sana.

Tiba huanza na sindano za heparini chini ya ngozi, kisha vidonge, au vidonge vya aina mpya tangu mwanzo. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Zinalizuia lisikue huku mwili ukiliyeyusha wenyewe. Warfarini, ambayo wagonjwa wetu wengi wanaipata, ina historia itakayomgusa yeyote anayefuga ndani. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Mwanakemia Karl Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuja kuitenga kemikali iliyokuwa ndani ya majani yale, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya kabla ya kuwa dawa ya watu. Ndiyo maana inataka kupimwa damu mara kwa mara. Mboga za majani zinaipunguza nguvu. Usiache mnafu wala kisamvu. Kula kiasi kile kile kila wiki ili dozi yako isiyumbe. Mbege nyingi, diklofenaki ya duka la dawa, na dawa za mitishamba unazoletewa na jirani, hizo mwambie daktari kabla hujazimeza. Warfarini haimfai mjamzito, yeye huendelea na sindano. Anayenyonyesha anaweza kuitumia bila kumdhuru mtoto, lakini vidonge vya aina mpya kwa sasa havishauriwi kwake.

Muda wa dawa ni miezi mitatu kwa uchache, na wengi huacha mguu ukishapungua. Wanaoacha wanaweza kurudi na bonge la pili. Hata kwa waliomaliza, kati ya watu 100, 20 hadi 50 hubaki na mguu mzito unaovimba jioni kwa miaka, na wachache hupata vidonda visivyopona. Kadiri tiba inavyochelewa, ndivyo vilango vya mshipa vinavyozidi kuharibika.

Kwa hiyo yule mama aliyelalamikia shavu la mguu akigunduliwa wiki ya tatu, hesabu yake ya dawa haitaisha siku ya kutoka kwenda sokoni. Itakuwa imebaki zaidi ya wiki mbili. Mama mkwe, ambaye hajawahi kusahau saa ya mtori, ndiye ningempa kazi ya kushika pakiti ya vidonge na kumuuliza mkwewe kila jioni kama amemeza. Na futi iwe kwenye droo, kwa ajili ya mzazi mwingine atakayefuata nyumba ile.