Gobore la ukoo: Kulitengeneza bila kufuta historia yake

KATIKA baadhi ya familia za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mzee anapofariki dunia huacha shamba, mifugo michache na, mara nyingine, bunduki ndefu yenye kutu iliyohifadhiwa darini. Haijapigwa kwa miaka mingi. Kitako chake kimeguswa na mchwa, mtambo wake umeganda, na hakuna anayekumbuka kwa hakika ilinunuliwa wapi. Kinachokumbukwa ni kwamba babu aliibeba porini, na kwamba nyama iliyoliwa katika miaka ya njaa ilitokana nayo.

Warithi wengi hufikiria jambo moja tu: ipelekwe kwa fundi, ing'arishwe, irudi kama mpya. Uamuzi huo unaweza kuiharibu bunduki hiyo kuliko mchwa na kutu kwa pamoja, na unaweza pia kumfikisha mrithi hospitalini au mahakamani.

Wingi wa silaha hizo katika eneo hili una sababu zake. Bonde la mto Pangani lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Usambara, Upare na Kilimanjaro. Wazigua, wakiwa karibu na bandari za Pangani na Saadani, walipata bunduki mapema kuliko majirani zao wa bara, na silaha hizo zikageuza mizani ya nguvu. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, mwaka 1862, mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, kwenye tambarare ambayo leo imo katika Wilaya ya Korogwe. Hakuhitaji kukaa Vuga mlimani penye kiti cha enzi. Aliyeshika njia ya misafara ndiye aliyepata baruti na bunduki.

Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza mjini Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha zilizopitwa na wakati ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha, au za bei nafuu zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya biashara ya Afrika katika miji ya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa kwa Waafrika, lakini uliacha mlango wazi kwa zile za gumegume zenye mtutu laini. Katika enzi za ukoloni Mwafrika wa kawaida aliyetaka kulinda mahindi yake dhidi ya nguruwe mwitu na nyani alibaki na gobore, wakati mzungu aliwinda kwa bunduki ya risasi za kisasa.

Gobore hushindiliwa kwa mbele. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, hufuatiwa na kitambaa au nyuzi za makumbi, kisha goroli za risasi, na vyote hukandamizwa kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu unaochomekwa chini ya mtutu. Katika gobore la gumegume, jiwe hugonga chuma na cheche huwasha baruti iliyo katika kisahani kidogo pembeni. Katika lile la fataki, nyundo hugonga kifuniko kidogo cha shaba kilichovishwa juu ya kifa, na moto hupenya ndani kupitia tundu lake. Wasomaji wa mjini wanaolijua neno fataki kwa maana ya milipuko ya sikukuu wanaweza kushangaa kwamba wawindaji walikuwa nalo kwa maana hii.

Tofauti hiyo ndiyo mwanzo wa kujua umri. Bunduki nyingi zilianza maisha yake zikiwa za gumegume, kisha zikabadilishwa kuwa za fataki. Matundu ya skrubu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo ni ushahidi wa mabadiliko hayo. Chini ya mtutu, mahali ambapo mbao hufunika chuma, mara nyingi kuna alama ndogo. Herufi ELG ndani ya duara lililorefuka ni za nyumba ya majaribio ya Liège. Zikiwa na taji juu yake, mtutu huo ulipimwa mwaka 1893 au baadaye. Neno "Tower" pamoja na taji kwenye bamba la mtambo huelekeza Uingereza, ingawa watengenezaji wa bunduki za biashara walipenda kuiga alama hiyo ili wauze zaidi.

Si kila bunduki kuukuu ni gobore. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika wilaya hizi. Majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916. Askari wengi wa upande wa Wajerumani waliingia vitani na Mauser ya mwaka 1871, inayopakiwa risasi moja moja kwa nyuma na kutoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Pia yapo magobore yaliyofuliwa na wahunzi wa vijijini kwa mabomba ya maji. Haya ya mwisho hayana alama ya majaribio yoyote, na mtutu wake haukukusudiwa kuhimili mlipuko.

Alama hizo zote hupotea kwa saa moja ya msasa. Fundi anayesugua mtutu mpaka ung'ae huondoa herufi, mwaka na ngozi ya juu ya chuma. Kutu si ya aina moja. Ile nyekundu, inayochafua kidole, bado inakula chuma na inapaswa kuondolewa taratibu kwa mafuta mepesi na kitambaa kigumu, ikirudiwa kwa siku kadhaa. Ile nyeusi au ya kahawia iliyokolea, laini na iliyotulia, ni ngao iliyojijenga kwa miongo mingi. Kuiondoa ni kukifungulia chuma mlango wa kutu mpya, hasa katika hewa ya Tanga yenye unyevu wa bahari. Siki na asidi ya betri, ambazo baadhi ya mafundi huzisifu, huendelea kula chuma hata baada ya kuoshwa.

Kitako nacho kinahitaji subira. Mchwa wakishaondolewa, mbao husafishwa kwa kitambaa kikavu na kupakwa nta ya nyuki, bidhaa isiyo adimu Handeni. Vanishi haifai, kwa kuwa huziba unyevu ndani na kuficha alama za viganja vilivyoishika. Panapotokea ufa, gundi ya mbao hutosha mara nyingi.

Wakati mwingine shingo ya kitako imezungushiwa ngozi ya mnyama. Wawindaji waliishona ikiwa mbichi, nayo ilipokauka ilijikaza na kushika mbao kuliko msumari. Fundi wa mjini huiona kama kiraka cha umaskini na kuitupa. Yumkini ndiyo sehemu pekee ya bunduki hiyo iliyotengenezwa na mikono ya babu mwenyewe. Iliyobaki ni ya kiwanda.

Kabla ya hayo yote lipo jambo moja la kufanywa. Magobore mengi yaliwekwa yakiwa yameshindiliwa, tayari kwa mnyama wa usiku, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu inaweza kuwaka hata baada ya miongo mingi. Mdeki huingizwa polepole hadi ukomo, huwekwa alama penye mdomo wa mtutu, kisha hulazwa kwa nje. Ikiwa urefu huo unaishia vidole kadhaa kabla ya kufika kwenye kifa, kuna kitu ndani. Hapo kazi ya nyumbani imekwisha: hakuna kuchokoa, kupasha moto wala kuchomelea, bali mtutu uelekezwe pasipo na mtu na polisi waarifiwe.

Na hata likiwa tupu, gobore la ukumbusho halipaswi kupigwa tena. Mshono wa mtutu uliodhoofishwa na kutu kwa ndani hauonekani kwa macho, na baruti ya kisasa isiyo na moshi ina mkandamizo mkubwa mno kwa chuma cha karne ya 19. Mtutu hupasuka karibu na uso na mkono wa kushoto wa mpigaji.

Upande wa sheria, uzee wa bunduki hauigeuzi kuwa pambo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na mmiliki mwenye kibali, na mahakama nchini zimewatia hatiani watu wengi waliokutwa na magobore bila kibali. Leseni ya marehemu hairithiwi. Bunduki hukabidhiwa kituo cha polisi, na mrithi anayeitaka huomba upya kwa jina lake, maombi yakianzia ngazi ya kijiji au mtaa na kupitia kamati za ulinzi na usalama. Fundi anayeikarabati naye lazima awe na leseni ya kazi hiyo, na kumpelekea mhunzi wa jirani kimya kimya ni kuwaweka wote wawili hatarini.

Hapa ndipo mila na sheria hukwaruzana. Kwa desturi ya zamani ya Wazigua, ukoo ulifuata upande wa mama, na kitu cha mjomba kiliweza kwenda kwa mpwa badala ya mtoto. Bunduki ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa ya ukoo mzima. Fomu ya polisi ina nafasi ya jina moja, na ndugu wasipokubaliana ni nani aandikwe, silaha hubaki darini bila mwenyewe kisheria, wakati kila mmoja akidhani mwenzake ameshughulikia.

Zipo njia nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavitambua vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa vya kale vinavyolindwa, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Familia yenye gumegume la umri huo ina sababu ya kuzungumza na Makumbusho ya Taifa kabla ya kumsikiliza mnunuzi wa vinyago. Serikali nayo imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, kama ilivyofanya kati ya Septemba na Oktoba 2023.

Silaha iliyosalimishwa kwa kawaida hairudi. Familia inayochagua njia hiyo inaweza kwanza kuomba ipigwe picha pande zote mbili, alama zake zinakiliwe na urefu wake upimwe, na mzee aliyewahi kufuatana na mwenye nayo porini aandikiwe anayoyakumbuka, kwa majina ya mapori na ya wanyama.