UMEANGUKA, UMEINUKA: JE, NDANI KUKO SALAMA?



Mtu akijikata panga shambani hakuna mnyapara atakayebisha. Damu iko nje, kila mtu anaiona, na gari litatafutwa. Lakini mtu akianguka kutoka juu ya lori, akainuka na kujipangusa vumbi, wenzake hucheka, mnyapara humwambia "pole, shika kazi," na mambo huishia hapo. Leo tuzungumze juu ya huyu wa pili.

Sisi wa mpakani tunaanguka sana. Tororo imetengeneza saruji tangu miaka ya 1950, na mifuko ile haipandi juu ya lori yenyewe. Busia na Malaba makuli hutembea juu ya shehena bila kamba ya kujishikilia. Upande wa Nambale na Butula wapakiaji wa miwa husimama juu ya trela huku trekta likienda. Si lazima mtu aanguke kutoka ghorofani ndipo aumie ndani. Ukingo wa trela au jiwe likimpiga ubavuni, yatosha.

Chini ya mbavu za kushoto kuna bandama, wengine huiita wengu. Kulia kuna ini, na nyuma figo mbili. Bandama ni laini na imejaa damu. Tena kwetu kuna jambo la zaidi: malaria. Wilaya ya Tororo ilijulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi sana Uganda, na Busia, pande zote mbili, haiko mbali nayo. Mtu anayeugua malaria mara kwa mara bandama yake huvimba, ikashuka chini ya mbavu ambako hakuna mfupa wa kuilinda. Bandama ya namna hiyo hupasuka kwa pigo dogo ambalo mwingine angelisahau kesho yake.

Ubaya wake ni kwamba haipasuki yote mara moja kila wakati. Huenda ikachanika kidogo, damu ikajikusanya ndani ya ganda lake, na mtu akafanya kazi siku mbili, tatu, hata wiki nzima au zaidi. Halafu ganda linaachia.

Namkumbuka mpakiaji mmoja, kijana mwenye nguvu. Alianguka asubuhi kwa ubavu wa kushoto, akamaliza zamu, na jioni akakaa na wenzake kwenye chungu cha ajono, mrija mkononi. Siku ya pili bega la kushoto lilimuuma, akasema ni mifuko. Siku ya tatu jasho baridi na kizunguzungu, akachomwa sindano ya malaria kwenye kliniki ya mtaani. Hakuna aliyemuuliza kama alianguka, naye hakusema. Usiku ule alizimia. Alifika hospitali akiwa mweupe viganjani, akapasuliwa, na Mungu saidia akapona.

Lile bega ndilo nataka mlikumbuke. Damu ikimwagika chini ya mbavu hugusa kiwambo cha pumzi, na maumivu yake husikika begani ingawa bega halikuumia. Dalili nyingine ni tumbo kuuma, kuvimba au kuwa gumu, kiu kali, moyo kwenda mbio, kizunguzungu ukisimama, ulimi na ndani ya kope kuwa vyeupe, mkojo wenye damu, kutapika damu. Moja tu kati ya hizi baada ya kuanguka, nenda hospitali saa ile ile. Usingoje asubuhi wala mshahara.

Asipewe chakula wala pombe, maana huenda akapasuliwa. Asikandwe tumbo, hata kama mkandaji ni bibi yake mwenyewe na mafuta yake yanasifika kijiji kizima. Aspirini na diklofenaki za dukani aziache, kwani huzidisha kutoka damu.

Halafu usafiri. Bodaboda ilizaliwa hapa kwetu, ilipokuwa baiskeli ya kuvusha watu na mizigo mpakani, na tunaipenda. Lakini mtu aliyeumia tumbo au mgongo asipakatwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Alazwe ndani ya gari, afunikwe blanketi.

Aende wapi? Penye daktari wa upasuaji na damu ya kuongeza, si zahanati yenye panadol tu. Busia ya Kenya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Upande wa Uganda kuna Masafu, na Tororo kuna hospitali ya serikali na St. Anthony's. Ikizidi, Mbale. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Uganda iliondoa malipo katika hospitali za serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, ingawa sote tunajua dawa zikikosekana utaambiwa ununue nje. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya Kenya, usiitegemee ukivuka.

Ukifika, neno la kwanza liwe: "Nimeanguka." Sema siku, urefu, na upande uliopigwa. Daktari atapima presha na mapigo, tena na tena, na skani ya tumbo itaonyesha kama kuna damu. Usikasirike akikulaza na kukuangalia tu bila kukupasua. Siku hizi bandama nyingi huachwa zipone zenyewe, mradi mgonjwa asitoke kitandani kwa ukaidi. Aliyeondolewa bandama aulize juu ya chanjo, na homa yoyote baadaye aikimbilie hospitali, kwa sababu mwili wake umepoteza mlinzi mmoja.

Sasa fidia. Yule kijana nusura aikose, kwa kuwa siku ya ajali hakuna aliyeandika chochote, na mwajiri alidai aliumia kwenye ulevi. Kwa hiyo anguko lolote, hata la kuchekwa, liandikwe kitabuni siku hiyo hiyo, na mashahidi wawili. Kenya, sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini inamtaka mwajiri atoe gari la kumpeleka majeruhi hospitali, agharimie matibabu, na aripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7. Madai ya fidia yawasilishwe ndani ya miezi 12. Uganda kuna sheria ya fidia ya mwaka 2000, na mlango wa kubisha ni wa Afisa wa Kazi wa wilaya. Huko arifu mapema kabisa.

Mwajiri akiomba karatasi za hospitali, mpe nakala. Zenyewe zibaki kwako, na nakala nyingine iletwe ofisi ya tawi.