Tulipowatimulia Wenyeji Vumbi

Kwa zaidi ya miaka ishirini ambayo nimekuwa nikifunza Kiswahili, sikumbuki mwaka uliopita bila mimi kuwapa wanafunzi wangu insha kuhusu faida na hasara za utalii. Wala sikumbuki mwaka ambao nilisoma jipya. Utalii huleta fedha za kigeni. Utalii huwapa vijana ajira. Utalii huharibu mila na desturi zetu. Mwanafunzi akiwa hodari atapachika methali mahali pake, nami nitamwandikia "vyema" pambizoni. Haikunipitikia akilini kwamba mwalimu mwenyewe, pamoja na kalamu yake nyekundu, hakuwahi kuyaona kwa macho hayo aliyokuwa akiyasahihisha.

Agosti iliyopita mdogo wangu, ambaye Mungu amemjalia kazi nzuri jijini Nairobi, aliipeleka aila yake Diani kupunga upepo, akashikilia kwamba nami niandamane nao. Nilikubali kwa kuwa nilidhani tutashinda ufuoni, watoto waogelee, nami nijisomee kitabu changu kivulini mwa mnazi. Siku ya tatu, bila kunishauri, akatulipia sisi watatu, yaani yeye, mimi na bintiye wa kidato cha tatu, safari ya saa mbili ya kuzuru vijiji kwa pikipiki za magurudumu manne. Binti angepakiwa nyuma ya mwelekezi. Kiasi alicholipa sitakitaja hapa, maana mwalimu mwenzangu akikisikia atadhani natia chumvi.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajakiona chombo chenyewe, si gari wala si pikipiki. Hukaliwa kama punda, mguu huku na mguu huku, na kina usukani wa pikipiki. Magurudumu yake ni mapana na hayajazwi upepo sana, ili yasizame mchangani. Hakina mlango wala paa. Mwendo hauongezwi kwa kukanyaga bali kwa kusukuma kijiti kidogo kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kidole gumba hakina busara ya mguu.

Asili ya chombo hiki ilinichekesha nilipokuja kuisoma baadaye. Kilizaliwa kwa sababu ya baridi. Wauzaji wa pikipiki za Honda nchini Marekani walikuwa wakikosa wanunuzi majira ya theluji, wakataka kitu cha kuuza miezi hiyo. Mwaka 1970 kikatoka chombo cha magurudumu matatu. Kilipendwa mno, lakini kilijeruhi na kuua watu wengi, watoto wakiwamo, hata mwaka 1988 watengenezaji wakaafikiana na serikali ya nchi hiyo waache kukiuza. Kufikia hapo, kampuni ya Suzuki ilikuwa imekwisha kuleta cha magurudumu manne, tangu mwaka 1982. Wakulima wa Australia na New Zealand wakakitumia kuchungia mifugo. Hata hicho nacho hupinduka na kumlalia dereva, ndiyo maana tangu Oktoba 2021 sheria ya Australia hairuhusu kipya cha kazi za shamba kuuzwa bila kinga ya kumnusuru dereva kinapobiruka. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya theluji, kikaajiriwa uchungaji, ndicho hicho leo kinachowapitisha wageni chini ya mikorosho ya Kwale!

Tulipofika uwanjani tulipewa kwanza karatasi za kutia sahihi. Zilikuwa za Kiingereza cha mawakili, na muhtasari wake ni kwamba tukiumia au tukifa tusimlaumu mtu. Nilitafuta tafsiri ya Kiswahili upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Kisha tukavishwa helmeti, miwani ya kuzuia vumbi na vitambaa vya kufunika pua na mdomo, mpaka mdogo wangu nami tukawa hatutambulikani.

Mwelekezi wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa papo hapo. Aliwaeleza Wajerumani wawili waliokuwa nasi kwa Kijerumani fasaha, au angalau kilichoniingia masikioni kama fasaha, kisha akatugeukia sote kwa Kiingereza. Tusimpite. Tusikaribiane. Penye kona tuinamie upande wa ndani, kwa sababu magurudumu ya nyuma huzunguka pamoja kama wafungwa waliotiwa pingu moja, na chombo hukataa kugeuka kwa asiyekisaidia kwa uzito wa mwili wake. Akiinua mkono, tusimame. Nilipomwuliza swali kwa Kiswahili, alishtuka.

"Samahani mzee," akasema, "nilidhani..." Hakuimaliza sentensi. Akaniuliza kazi yangu, na nilipomwambia alijishika kichwa kwa kicheko. "Mwalimu wa Kiswahili! Mimi nilitahiniwa Chozi la Heri."

Tulivuka barabara kuu iendayo Lungalunga, tukaingia upande wa bara. Sitaki kumdanganya msomaji: nilifurahi. Nilifurahi kuliko inavyomstahiki mtu wa umri wangu. Vichochoro vilipinda baina ya minazi na miembe, ardhi ikapanda na kushuka, chombo kikarukaruka chini yangu kama ndama aliyefunguliwa zizini, nami nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Mbele yangu lilikuwa vumbi la wenzangu. La kwangu lilikuwa nyuma yangu, na kwa hiyo sikuliona.

Watoto walitoka mbio kila tulipokaribia nyumba. "Jambo! Jambo! Give me sweets!" Mmoja, mvulana wa miaka sita hivi mwenye kaptura ya shule, alikimbia sambamba nami kitambo kizuri akiniomba pipi kwa Kiingereza. Mimi, ambaye nimekula chaki maisha yangu yote kwa ajili ya watoto mfano wake, nilimpungia mkono nikapita. Angejuaje kwamba chini ya kitambaa kile kulikuwa na mtu ambaye angeweza kumjibu?

Kituo cha kwanza kilikuwa mbuyu mkubwa ambao watu kumi wasingeweza kuukumbatia. Mwelekezi alizima mtambo akatusimulia kwa Kiingereza, na kwa mbwembwe, jinsi shetani alivyoung'oa mti huo kwa hasira akaupanda kichwa chini miguu juu. Wajerumani walipiga picha. Mimi nilizunguka upande wa pili, nikaona katika ufa wa shina vitambaa vimefungwa: chekundu, cheupe, cheusi, vingine vimepauka kwa jua. Chini yake palikuwa na chupa ndogo ya marashi. Hakuna aliyeuliza, na mwelekezi hakusema.

Nilimvuta kando. "Na vile vitambaa je?"

Alitazama wageni, kisha akanitazama mimi. "Hapo watu huja kuomba, Mwalimu. Nyanya yangu alikuja hapo mama alipougua. Siwezi kuwaambia hao. Nikiwaambia leo, kesho watataka kuletewa mtu wamwone akiomba."

"Na habari za shetani?"

"Hizo ziko katika karatasi niliyopewa nikariri nilipoajiriwa."

Niliyatafakari maneno hayo njia nzima. Nilikuwa nimezoea kuwaambia wanafunzi kwamba utalii huharibu mila, kana kwamba mila ni chungu na utalii ni jiwe. Kumbe huyu kijana alikuwa akiilinda mila yake kwa kuwatupia wageni hadithi ya shetani, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili apite salama. Lakini ulinzi huo una gharama yake. Kila siku, mara mbili au tatu kwa siku, anasimama mbele ya mti ambao nyanyake aliupigia magoti, akausema uongo kwa lugha mbili, na mdogo wangu naye akamtilia bahashishi kwa ustadi wake. Sijui kama mimi ningaliweza.

Lililofuata ni kosa langu mwenyewe. Tulikuwa tukirejea. Kijiji kilitangulia mbele, na mwelekezi akapunguza mwendo kama alivyofanya kila tulipokaribia nyumba. Wenzangu nao wakapunguza. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma, nikaona nafasi tupu baina yangu na wao, na kidole gumba kikafanya kilichotaka. Nilipita uani kwa mtu kama mshale. Nilipotazama nyuma niliona kwamba kando ya njia palitandikwa majamvi mawili, na juu yake makopa, yaani vipande vya muhogo vilivyomenywa na kuanikwa. Havikuwa vyeupe tena.

Mwelekezi aliinua mkono, sote tukasimama. Bibi mmoja mkongwe alitoka nyumbani. Hakupiga kelele wala hakutukana, na laiti angalitukana! Aliinama tu, akaanza kuokota kipande kimoja kimoja, akikipangusa kwa ncha ya leso yake. Niliteremka, nikavua helmeti na kitambaa, nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

Alisita, kipande cha muhogo mkononi. "Marahaba." Akanitazama kutoka unyweleni hadi ukuchani. "Kumbe ni mtu! Nami nilidhani ni wazungu."

Nilimwomba radhi. Alisema si neno, vumbi ni la kila siku, yeye hubandua jamvi akalihamishia nyuma, ila siku hiyo kule nyuma kivuli kilikuwa kimeingia mapema. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Huko mwendako kuna nini, mwanangu, hata mwakimbia hivi?"

Sikuwa na jibu, maana tulikuwa hatuendi popote. Safari ile huanzia uwanjani ikaishia uwanjani. "Twazunguka tu, mama," nikasema.

"Mwazunguka tu?"

"Twazunguka tu."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeambiwa jambo la watoto. Binti wa mdogo wangu alikuwa amekwisha kushuka, akachutama kando yake, nao wakaendelea kupangusa pamoja. Wajerumani walisubiri kwa adabu. Mmoja wao aliinua kamera, mwenzake akamshika mkono akaishusha.

Nilimwuliza mwelekezi kama kijiji kile hupata chochote kutokana na misafara hiyo. Alisema watoto hupewa pipi. Yeye mwenyewe hulipwa kwa kila safari, na msimu wa wageni ukipita halipwi. Najua kuna watakaosoma haya wakasema, afadhali hicho kidogo, na kwamba mwalimu wa bara asiwakatie vijana wa pwani riziki kwa sababu ya muhogo. Nakubaliana nao nusu. Kijana yule anamsomesha mdogo wake kwa fedha za magurudumu hayo, nami sitaki yazimwe. Nataka wenye uani waulizwe njia ipite wapi na saa ngapi, na sehemu ya ada ile nzito iangukie shule ya msingi ya kijiji badala ya pipi kuangukia mchangani.

Wala haya si mambo ya ndotoni. Kesho yake nilikwenda kwa miguu Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Humo Wadigo wenyewe ndio wanaowapokea wageni, na jamii hunufaika na kiingilio. Nilifungwa kaniki kiunoni kama kila mgeni mwingine, awe profesa au balozi. Niliambiwa nisichume hata jani na nisitoke na kitu. Mwelekezi wa hapo alinieleza miti na dawa zake kwa utulivu, na tulipofika mahali fulani akasema waziwazi kwamba ya pale hayasemwi kwa wageni. Hakunitungia shetani. Alinyamaza, nami nikanyamaza, tukapita. Tofauti ya siku hizo mbili haikuwa magurudumu na miguu peke yake. Kaya Kinondo mwenye nyumba ndiye aliyeshika ufunguo.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nililibadilisha swali langu la miaka yote. Niliwaambia wanafunzi waieleze safari ya watalii kama anavyoiona mtu aliyeanika muhogo kando ya njia. Wamelalamika kwamba halimo katika vitabu vya marudio.

Lakini nirudi uwanjani siku ile ya vumbi. Tulipokwisha kunawa nyuso tuliletewa kitabu cha wageni. Nilikifungua nikaona kurasa kwa kurasa za sifa, kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiitaliano. Nikachukua kalamu nikaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa ubaoni ili usomeke: habari za bibi, makopa, watoto wa pipi, na mwendo unaofaa mbele ya nyumba za watu. Nilijaza ukurasa mzima. Kijana alisimama begani kwangu akisoma mstari baada ya mstari, na nilipotia nukta ya mwisho alitabasamu kwa huzuni kidogo.

"Umeandika vizuri, Mwalimu," akasema. "Lakini mwenye kampuni hasomi Kiswahili."