‘Kufunga’, ‘kupachika’ na ‘kukaza’: Vitenzi vya kubadilishia sanduku la usukani

NENO ‘usukani’ lilitufikia kwa njia ya bahari. Asili yake ni Kiarabu, na kabla ya magari kuja huku, lilitaja kifaa kilichokaa kwenye tezi ya chombo ili nahodha akielekeze. Gari lilipofika, neno likahamia nchi kavu. Mafundi wetu wengi husema ‘sterengi’, na hakuna ubaya wowote. Utata haupo katika nomino hiyo. Upo katika vitenzi.

Mwenye gari kuukuu akihisi usukani unacheza, aghalabu humwambia fundi: “Hebu nikazie sterengi.” Fundi hufanya alichoambiwa. Juu ya sanduku la usukani kuna skrubu ya kurekebishia. Huizungusha kidogo, mchezo unapungua, mteja analipa na kwenda zake. Kumbe meno ya ndani huchakaa zaidi sehemu ya katikati, kwa kuwa gari huenda moja kwa moja muda mwingi. Ukiikaza skrubu hadi katikati patulie, pembeni panabana. Dereva akikata kona, usukani unakuwa mgumu na kukataa kurudi. Neno moja limehatarisha maisha.

Sanduku hili hupatikana katika magari kama Toyota Land Cruiser 60 ya miaka ya 1980 na Mercedes-Benz W123. Ndani yake mna parafujo inayozungushwa na usukani. Parafujo husogeza nati kubwa inayoteleza juu ya gololi za chuma, na meno ya nati hiyo huzungusha mhimili unaotokeza chini. Kwenye mhimili huo hufungwa mkono mfupi ambao mafundi huuita ‘pitmani’. Penye pawa, pampu husukuma oili ndani ya sanduku ili kumpunguzia dereva kazi.

Basi badala ya ‘kaza’, tuanze na ‘tafuta’. Mtu mmoja autikise usukani huku mwingine akitazama chini. Ikiwa parafujo inazunguka ilhali pitmani imetulia, sanduku ndilo limechoka. Ikiwa pitmani inasogea lakini magurudumu hayasogei, ugonjwa uko kwenye tairodi, na sanduku jipya halitautibu.

Kitenzi cha pili ni ‘kufungua’, ambacho ni kauli ya kutendua ya ‘funga’. Kabla ya kufungua, nyoosha magurudumu, zuia usukani usizunguke, kisha tia alama panapokutana pitmani na mhimili wake. Mipira ya oili ikishatolewa, izibwe ili vumbi lisiingie. Pitmani ing’olewe kwa kifaa chake cha kuvutia. Nyundo hupeleka kishindo moja kwa moja hadi kwenye meno na gololi.

Hapa ndipo ‘kufunga’ hutuchanganya. Fundi akisema, “Nimefunga sanduku,” je, amelipachika, amelikaza au amemaliza kazi? Kupachika ni kuweka kitu mahali pake, na sanduku halipachikwi kabla ya kutafutiwa katikati. Zungusha mhimili wake wa juu hadi mwisho wa upande mmoja, kisha urudi hadi mwisho wa upande wa pili ukihesabu mizunguko. Nusu ya hesabu hiyo ndiyo katikati. Ikiwa ni mizunguko minne, rudi miwili. Hapo ndipo pitmani ivalishwe, magurudumu yakiwa yametazama mbele. Ukikosea hatua hii, gari litakata kona zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na usukani utacheza barabara inaponyooka.

Kukaza, kwa upande wake, ni kuziminya nati na bolti kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Nguvu za mkono hazitoshi kuwa kipimo. Ile skrubu ya juu haimo katika orodha hii. Sanduku lililokarabatiwa vyema huja likiwa limesharekebishwa.

Mwisho ni ‘kutoa hewa’. Safisha kwanza mipira na kikopo cha oili, kwa sababu uchafu wa sanduku la zamani utaliharibu jipya. Jaza oili inayofaa, inua magurudumu ya mbele na uyaegemeze kwenye stendi imara, si jeki pekee. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole huku na huku ukiongeza oili, hadi mapovu yaishe. Kisha washa injini, urudie, bila kuushikilia usukani mwisho wa kona. Kagua kama panavuja, ndipo gari liende kupimwa alaimenti.

Kwa hivyo, ukifika gereji, usimwagize fundi akaze. Mwambie, “Usukani unacheza, tafuta unachezea wapi.” Na akikurudishia gari akisema amefunga, muulize mambo mawili: ulihesabu mizunguko? Umekaza kwa kipimo?