Podo kwa vipandikizi: kazi inayowezekana Nyalenda

Ukiuliza mche wa podo katika kitalu cha kando ya barabara hapa Kisumu, usishangae ukionyeshwa saipresi au msonobari. Majani ya miti hii humchanganya mtu asiyeijua, lakini saipresi na msonobari tunaopanda sana vililetwa kutoka Mexico. Podo ni mti wetu wa asili. Umekatwa kwa miaka mingi kwa sababu ya mbao zake laini na nyepesi, na hukua polepole, kwa hiyo uliokatwa haurudi upesi.

Kuna podo wa aina kadhaa. Ule wa milima ya Taita na Usambara umewekwa katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini kutoweka. Mwingine huota ng'ambo ya ziwa letu, katika misitu ya majimaji ya Sango Bay nchini Uganda na Minziro nchini Tanzania. Unaojulikana zaidi kwetu ni wa misitu ya nyanda za juu, kama vile Mau na Nandi.

Kwa nini usipande mbegu tu? Unaweza, ila mbegu ya podo ina usumbufu wake. Miti ya kiume na ya kike ni mbalimbali, na wa kike peke yake ndio huzaa. Matunda huliwa na ndege, popo na nyani kabla hujafika na kikapu. Ukizipata mbegu, ganda lake ni gumu; huota kwa kuchelewa na si kwa pamoja. Wengine huamua kung'oa miche msituni, na huko ni kuufilisi msitu.

Kipandikizi, yaani kipande cha tawi kinachooteshwa mizizi, hukuepusha na hayo, mradi uchague tawi vizuri. Hapa ndipo wengi hukosea. Tawi la pembeni linaweza kutoa mizizi na bado mche ukaendelea kulala upande kama tawi, usisimame kamwe. Chukua ncha za machipukizi yanayokwenda juu, na kutoka kwa mti mchanga, kwa maana tawi la mti mkongwe hutoa mizizi kwa shida. Mwenye kitalu hupata faida akipanda miti mama michache na kuikata vichwa mara kwa mara ili ichipue wima.

Kata asubuhi na mapema, vipande vya sentimita 10 hadi 15, ambavyo chini vimeanza kukomaa na juu bado ni kijani. Vifunge ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Ondoa majani ya theluthi ya chini, chovya mwisho wake katika dawa ya kuchochea mizizi inayouzwa madukani ya pembejeo, kisha vichomeke siku hiyohiyo.

Sanduku la kuoteshea halihitaji umeme wala maji ya mfereji. Tengeneza fremu ya mbao na uitandike nailoni ngumu isiyovuja. Weka mawe makubwa chini, kisha madogo, kisha kokoto, na juu kabisa mchanga wa mto uliooshwa vizuri. Simamisha bomba fupi pembeni ili umimine maji na kuona kina chake. Maji yakae kwenye mawe na kokoto, yasifike mchangani. Mvuke wake ndio utakaovilinda vipandikizi visinyauke. Funika kwa nailoni inayopitisha mwanga na uweke chini ya kivuli. Kwa walio karibu na Mto Auji, inua sanduku juu ya matofali kabla ya mvua za masika.

Baada ya hapo ni subira. Podo huchukua miezi, si wiki. Fungua kifuniko asubuhi tu, nyunyiza maji kidogo, toa vilivyooza. Usivute kipandikizi kuona kama kimeshika. Mizizi michanga hukatika. Vikishatoa mizizi, hamishia kwenye mifuko na uzoeshe hewa ya nje kidogo kidogo.

Jambo moja husahaulika. Vipandikizi vya mti mmoja ni mti uleule uliorudiwa. Ukikata vyote kwa podo wa kiume, shamba zima halitazaa mbegu hata moja, na ugonjwa ukiingia utaipata yote kwa namna moja. Kusanya kutoka miti mingi, ya kiume na ya kike, na uandike kwenye kibao kila kundi limetoka wapi.

Kukata matawi katika msitu wa serikali bila idhini ya Huduma ya Misitu Kenya ni kosa. Kuvusha vipandikizi mpakani kunahitaji kibali cha KEPHIS. Miti iliyo shuleni, makanisani na nyumbani inatosha kuanzia, ukiomba ruhusa ya wenyewe.

Kuhusu soko: udongo mweusi wa Nyalenda hutuama maji na podo wa milimani hataupenda, isipokuwa mahali palipoinuka. Otesheni hapa, muuze Maseno, Vihiga na Nandi. Kituo cha KEFRI kipo Maseno kwa ushauri zaidi kuhusu miche.