Kompyuta ilimziba kaka mwanya!

Msinicheke wapenzi wasomaji, lakini wiki mbili nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya sekunde 8 tu. Ni video ya simu, marehemu kaka yangu anasakata rumba kwenye harusi ya binamu: anakuja, anageuka, anacheka. Giza, chenga tupu! Nikasema niigeuze katuni, nikampe mama siku ya arobaini.

Nikaitupia kwenye programu moja ya kisasa. Dakika chache tu, mambo bomba, kaka anang'aa! Mama akatazama weee, akauliza, "Huyu nani, mwanangu?"

Kumbe programu ilimziba mwanya. Kaka bila mwanya si kaka, jamani, mtaa mzima unajua.

Ndipo nikarudi kwa wakongwe. Kuchora juu ya filamu si jambo la leo: Max Fleischer wa Marekani alipata hati ya kumiliki ugunduzi huo mwaka 1917. Alimulika filamu kwenye kioo, picha moja moja, akapitisha kalamu juu yake. Miaka ya 1990 Bob Sabiston akaleta programu ya Rotoshop: unachora mstari kwenye picha moja, unauchora tena picha kadhaa mbele, kompyuta inajaza za katikati. Ndiyo iliyotumika kwenye Waking Life ya 2001 na A Scanner Darkly ya 2006, zote za Richard Linklater. Humo Keanu Reeves ni katuni, lakini ukimwona tu unasema ndiye! Inatajwa kwamba dakika moja ilikula saa 500 za kazi. Mashine inajaza, sawa, ila mstari upi ubaki na upi utupwe, hilo ni la mchoraji.

Nami nikakaa kitako. Picha 24 kwa sekunde, mara 8, ni 192. Zote? Ubavu huo sina! Nilichora moja katika kila tatu, zingine nikaiachia kompyuta. Tatizo likaja kaka alipogeuka. Sikio linapotea nyuma ya kichwa, mashine haijui ilipeleke wapi, kaka akawa uji! Hapo nilichora picha zote kwa mkono. Mwanya ndio niliuchora kwanza, kila mahali.

Mama alitazama kimya, akataka irudiwe. Mara ya tatu akasema, "Shati hilo nilimpigia pasi mimi."