Nuru Moja, Mavuno Mawili: Sheria za Umeme wa Jua Shambani

Mwanga unaoangukia shamba hutumiwa mara moja tu: ama na jani la mmea, ama na paneli ya umeme. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wengi waamini kuwa kilimo na umeme wa jua ni mahasimu wanaogombea ardhi moja. Hata hivyo, wakulima wa Kilimanjaro, ambao kwa vizazi vingi wamepanda mibuni chini ya migomba, wanajua kwamba si kila mmea huhitaji jua lote.

Sababu yake ni hii. Jani hutumia mwanga kutengeneza chakula, lakini kila aina ya mmea ina kikomo chake. Mwanga ukizidi kikomo hicho, kazi ya jani haiongezeki. Kinachoongezeka ni joto, na mmea hupoteza maji mengi. Mwaka 1982 wanafizikia wawili wa Ujerumani, Adolf Goetzberger na Armin Zastrow, walieleza jinsi paneli zinavyoweza kuinuliwa kiasi cha mita 2 na kupewa nafasi baina yake, ili mazao yaote chini.

Majaribio yamelithibitisha wazo hilo, lakini si kila mahali kwa kiasi kimoja. Katika nchi kame ya Arizona, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba pilipili aina ya chiltepin zilizopandwa chini ya paneli zilizaa mara 3, na nyanya ndogo mara 2, kuliko zile za juani. Paneli nazo zilipozwa na mvuke wa mimea kwa takriban nyuzi 9 za Selsiasi wakati wa mchana, na paneli iliyopoa hutoa umeme zaidi. Lakini katika shamba la Heggelbach, kusini mwa Ujerumani, viazi vya chini ya paneli vilipungua kwa takriban asilimia 18 mwaka 2017, kisha vikazidi vile vya juani kwa asilimia 11 katika kiangazi kikavu cha mwaka 2018. Kivuli, basi, ni faida penye jua kali na hasara penye jua haba.

Hapo ndipo serikali inapoingia. Aghalabu ekari moja ya umeme huleta fedha nyingi kuliko ekari ya mazao. Pasipo sheria, mwekezaji atazisogeza paneli karibu karibu na kuziweka chini, kwa kuwa nguzo ndefu hugharimu chuma kingi. Shamba litabaki shamba kwa jina tu, na mkulima aliyelikodi atafukuzwa.

Kuna pia swali la nani anufaike. Mpangaji, au mwenye paa lililofunikwa na miti, hana mahali pa kuweka paneli. Mwaka 2010 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya vituo vya jua vya ushirika. Mteja hununua au hukodi sehemu ya kituo. Umeme huingia katika gridi, na thamani ya sehemu yake hupunguzwa katika ankara yake. Sheria hiyo ilitaka kila kituo kiwe na wateja wasiopungua 10, na asiwepo mmoja mwenye zaidi ya asilimia 40.

Jimbo la Massachusetts liliyaunganisha mambo hayo mawili katika mpango wake wa mwaka 2018. Hapo mwanzo kituo cha ushirika kilipewa nyongeza ya senti 5 za dola kwa kila kilowati-saa, na kituo kilichojengwa juu ya shamba linalolimwa senti 6. Masharti yalikuwa wazi: ukingo wa chini wa paneli zisizogeuka uwe juu ya ardhi kwa futi 8, yaani mita 2.4, na wa zile zinazolifuata jua futi 10. Katika msimu wa kilimo, pasiwepo futi mraba ya shamba inayopoteza zaidi ya nusu ya jua lake. Na kila mwaka itolewe taarifa ya mazao.

Gharama ya nyongeza hizo hulipwa na watumiaji wa umeme, wakiwemo maskini. Kwa hiyo ni haki yao kuhakikishiwa kwamba chakula kinalimwa kweli. Ubora wa masharti ya Massachusetts ni kwamba yanapimika, na kinachopimika huweza kukaguliwa.

Majaribio ya kilimo chini ya paneli yamefanywa pia Kajiado, Kenya, na Morogoro, Tanzania. Wanafunzi nao wanaweza kuanza na ubao ulioinuliwa mita 2 juu ya tuta la mchicha. Kila saa, tangu asubuhi hadi jioni, wachore mpaka wa kivuli, kisha wahesabu kila sehemu ya tuta imekosa jua kwa saa ngapi. Wakipima na mavuno ya tuta hilo na la jirani lisilo na ubao, watajua kama nusu ni kikomo kinachofaa kwa jua la kwao.